Fundi wa ruta zilizopigwa na radi, Mwembe Tayari

Masika haya radi ilipiga karibu na kwetu Kisauni, Mombasa, wala si juu ya nyumba, na intaneti ikafa papo hapo. Cha ajabu ruta ilibaki inawaka, Wi-Fi inaonekana kwenye simu, ila hakuna kinachofunguka. Mimi huandaa karatasi za mizigo ya bandarini nikiwa nyumbani, na kontena likipitisha muda wake kule ndani mwenye mali anatozwa. Kampuni inayotuuzia intaneti mtaani ilituma kijana. Akatazama taa, akasema, "Imeungua, nunua mpya," akaenda zake.

Nikaipeleka kwa fundi mwenye kibanda kichochoroni, karibu na Mwembe Tayari. Hakuanza na bei. Aliifungua mbele yangu, akaipima kwa mita, akanionyesha tundu la kebo ya kutoka nje: nyuma yake bodi imeingia weusi. Upande wa chaja ulikuwa safi kabisa.

"Mamangu, hii haikupitia kwa stima. Imepitia kwa kebo."

Nilimbana anieleze, naye akaeleza bila kunifanya mjinga. Kwetu antena ya kunasa intaneti iko juu ya paa, na kebo ya shaba inashuka ukutani hadi chumbani. Radi haina haja ya kuugusa waya. Ikipiga jirani, waya mrefu wa shaba huzuka umeme wa ghafla ndani yake. Ruta iko katikati, huku kebo, huku stima ya nyumba, na umeme ule hukatiza humo humo ukitafuta njia ya kwenda ardhini. Ndivyo zilivyokuwa zikifa modemu za laini ya simu pia: waya wa simu hubeba kama volti 50 tu, na modemu haikuundwa kupokea maelfu.

Kilichonifurahisha ni dawa yenyewe. Matundu mengine ya ruta yalikuwa mazima, kwa hiyo aliingia kwenye mipangilio, akahamishia intaneti kwenye tundu la pili. Si kila ruta inakubali hilo; yangu ilikubali. Kile kiboksi kinachopeleka umeme kwa antena kilikuwa kimekufa, akaniuzia kingine. Malipo yote hayakufika nusu ya bei ya ruta mpya.

Halafu akanitajia kizuia radi cha kebo, kijidude cha kufunga kabla ya ruta, chenye waya wa athi, yaani wa kwenda ardhini, ule wa kijani na manjano. Hapa ndipo aliponivutia zaidi, kwa sababu alikataa kuniuzia kabla ya kujua kama nyumba ina athi. "Bila athi ni pambo," alisema. Kazi yake ni kuumwaga umeme ardhini, na usipokuwa na pa kumwagika, utapita ruta vile vile. Nyumba nyingi za kupanga huku soketi zina matundu matatu lakini la athi halijaunganishwa na kitu. Yetu ilikuwa hivyo hivyo, na mwenye nyumba bado anazungushana nami. Kwa sasa wingu likitanda nachomoa kebo na chaja, vyote viwili. Mamamkwe hufunika vioo. Kila mtu na kinga yake.

Radi Pwani si nyingi kama Kakamega au Kisii, ndiyo maana wengi wetu hatujiandai.

Kasoro anazo. Risiti hatoi mpaka umkumbushe, tena huandika kwenye kipande cha boksi, jambo ambalo kwa mtu wa makaratasi kama mimi ni mateso. Simu hapokei akiwa na kazi mkononi. Na dhamana yake ni ya mdomo tu, ingawa ruta yangu bado inafanya kazi na mvua hazijakatika.

Ijumaa usiende mchana, utakuta pamefungwa kwa swala. Na ubebe chaja ya ruta yako pamoja na kile kiboksi cha antena, la sivyo atakurudisha nyumbani ukavilete.