TAHADHARI: "Roboti inayojiongoza" ya kupuliza vanishi, msitume arubuni

Mafundi wa Malindi na Lamu, hasa nyinyi wa samadari, viti vya enzi na milango ya nakshi: kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mkono wa roboti eti unatazama kiti, unajua wenyewe pa kupuliza, fundi kazi yake kukaa pembeni. Bei ya kutupa, na arubuni itumwe leo hii kwa nambari ya mtu binafsi kwa kuwa "mzigo uko Kilindini". Msitume.

Roboti za aina hiyo zipo kweli viwandani. Kamera ya 3D au leza hupima umbo la kifaa, programu huchora njia ya bunduki ya rangi, mkono hufuata. Kwenye video za muuzaji huyu mkono unarudia tu mwendo uliorekodiwa. Hilo liliwezekana tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Trallfa ya Norway, watengenezaji wa wilbaro, walipoanza kupaka rangi kwa roboti. Kurekodi si kosa, na kwa anayetengeneza miguu mia ya meza inayofanana kunatosha. Kosa ni kulipia macho ambayo mashine haina.

Jinsi ya kumbana: akidai ana mashine, apige simu ya video. Kiti kikishapulizwa mara moja, kisogezwe sentimita 20 na kigeuzwe robo mzunguko, kompyuta isiguswe. Yenye macho itapima upya. Ya kurekodi itapuliza hewa pale kiti kilipokuwa. Halafu mashine iwekewe kipande cha nakshi nzito. Hapo hata mashine halali huhangaika, maana kamera haioni vizuri ndani ya michongo ya kina na mng'ao wa vanishi huivuruga. Anayekuambia yake haishindwi na chochote, huyo hajawahi kuitumia.

Pesa ni hasara, lakini moto ni maafa. Mvuke wa thina ukikolea chumbani hulipuka kwa cheche moja. Roboti ya rangi halisi kwa kawaida mwili wake hujazwa hewa safi yenye shinikizo kuzidi la nje ili mvuke usifike kwenye mota, na mota hazipewi stima mpaka hewa hiyo ipite kwanza. Tafuta mahali mpira wa hewa hiyo unapoingilia, kisha kibati chenye herufi Ex ndani ya pembe sita, alama ya Ulaya ya vifaa vya kutumika penye mvuke unaolipuka, au alama kama hiyo ya nchi nyingine. Mkono wa kubebea mizigo uliopakwa rangi upya kwa kawaida hauna hata kimoja. Dai picha ya kibati chenyewe, ionyeshe modeli, nambari ya mfululizo na mwaka, uulize kiwanda kilichoutengeneza. Akikutumia picha ya katalogi, achana naye.

"Ni ya kuchomeka tu" ni uongo mwingine. Mitumba ya Japani mara nyingi hutaka fezi tatu za volti 200, na yetu ni 240 fezi moja au 415 fezi tatu. Bila transfoma utaunguza kontrola, yaani kompyuta inayouongoza mkono, siku ya kwanza. Kontrola, kidhibiti cha mkononi na nyaya viwe seti ya mkono huohuo, la sivyo umenunua chuma chakavu. Betri za kumbukumbu zikifa, mkono husahau sifuri yake, yaani mahali unapoanzia kuhesabu mwendo, na lazima upangwe upya na anayejua.

Hewa pia. Bunduki nyingi za HVLP (za hewa nyingi kwa shinikizo dogo) hula futi za ujazo 10 hadi 15 kwa dakika, na kompresa ndogo ya lita 50 haiwezi kuilisha mfululizo. Kwa unyevu wa pwani bila kikausha hewa, matone ya maji yataharibu vanishi, na ile ya NC (nitroselulosi, inayokauka haraka) itafanya ukungu mweupe hata apulize malaika. Vyote hivyo havimo kwenye bei yake.

Anayetaka kununua kweli alipe kwa akaunti ya kampuni, baada ya kuikagua kampuni kwa CR12, hati ya serikali inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, kupitia eCitizen na kuona karatasi za forodha. Salio litoke mashine ikishawaka na kupuliza mbele yako. Wa Lamu, iandikwe nani anabeba gharama na hasara ya kuvusha mzigo kutoka Mokowe.

Aliyekwisha kutuma kwa M-Pesa aupeleke ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, sasa hivi, kabla pesa hazijatolewa, kisha aende kituo cha polisi na mazungumzo yote yakiwa bado kwenye simu. Usimblock muuzaji kabla ya hapo. Nambari na picha zake ndio ushahidi.