Bustani ya Kijapani ya Portland: nendeni siku ya manyunyu

Karibuni sana, watazamaji wangu. Leo nawachambulia Bustani ya Kijapani ya Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Hukumu yangu naitoa mapema: kiingilio si cha bei ya chini, lakini ukichagua siku vizuri, hutajutia hela yako. Na siku nzuri ni ile ya manyunyu, watu wakiwa wamebaki majumbani.

Eneo hili zamani lilikuwa bustani ya wanyama. Profesa Takuma Tono alianza kulisanifu mwaka 1963, na 1967 milango ikafunguliwa kwa umma. Wengi wakiingia hukimbilia bwawani kwenye samaki koi na maporomoko. Msimu wa vuli ndiyo usiseme: wanapanga foleni kupiga picha mti mmoja tu wa mepo, majani yamekuwa mekundu kama makaa. Mti ni mzuri, sibishi, ila utatafakari nini na mtu yuko mgongoni anasubiri uondoke?

Hapo hapo bwawani, iangalieni hii taa ya mawe ya ghorofa tano, zawadi kutoka mji wa Sapporo, Japani. Wageni wanaitazama juu, nyie inameni. Mawe yaliyopangwa chini yake yanachora kisiwa cha Hokkaido, na lile jekundu linaonyesha Sapporo ilipo. Napenda mno kazi ya namna hii, isiyojitangaza.

Sasa twendeni kwenye mchanga na mawe. Hapa ndipo pangu. Hakuna maua, hakuna daraja. Changarawe imepigwa reki ikaacha mistari, jiwe moja refu limesimama, na mengine mafupi yako mbele yake. Mawe hayo yanasimulia kisa cha Buddha, katika maisha aliyoishi kabla ya kuzaliwa tena kuwa Buddha: alimkuta chui milia jike na wanawe wanakufa njaa, akajitoa mwili wake wapate kula. Nawasihi, ketini kwanza myatazame mawe kimya kimya, ndipo mkumbuke kisa hicho. Mimi kila nikikaa pale naondoka nikijiuliza nimemnyima nani nini.

Mwenye mzazi anayeumwa magoti, asimpeleke kwenye ngazi za mawe za upande wa chini. Mkalishe kwenye banda lililo karibu na ile sehemu ya bustani iliyo tambarare, anga ikiwa safi atauona Mlima Hood. Kwa ajili yake, basi, chagua siku ya jua.