Huduma ya kufufua nyasi za uani: kitalu kimoja cha Barabara ya Ngong

Kiangazi cha Januari hadi Machi kinapokuwa kikali jijini Nairobi, nyasi za uani huathirika upesi, hasa katika mitaa kama South C, ambako udongo mweusi ukikauka hupasuka nyufa pana zinazokata mizizi na kuiacha wazi kwa jua. Uwanja wetu ulitoka katika msimu huo ukiwa na mabaka makavu, mengine yakiwa na upana wa mkeka, na ndipo nikawaita mafundi wa kitalu kimoja kilicho kando ya Barabara ya Ngong.

Sifa yao ya kwanza ni kwamba hawakuharakisha kuuza. Fundi mkuu alikuja kukagua mvua ikiwa bado haijaanza, akasema, "Mama, nyasi tunazo, lakini ukizipanda kabla mvua haijashika utakuwa umenunua majani ya ng'ombe." Ushauri huo ni wa thamani katika jiji lenye mgao wa maji, kwa kuwa vipandikizi vipya huhitaji unyevu kila siku katika majuma ya mwanzo, na mvua ya masika hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Ukaguzi wenyewe ulifanywa kwa makini. Alichomeka nondo nyembamba ardhini: penye nyasi nzima ilizama bila shida, lakini karibu na lango, magari yanapogeuzia, ilikwama juu juu tu, ishara kwamba udongo umeshindiliwa na mizizi haipati hewa wala maji. Kisha akakwangua kwa ukucha vitawi vilivyotambaa ndani ya mabaka. Vilivyokuwa vyeupe na vigumu ndani aliviacha, kwani nyasi ya Kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda hizi hizi za juu za Afrika Mashariki, huweza kuonekana imekufa huku vitawi vyake vya chini ya ardhi vikiwa hai. Kwa hiyo tulilipia kupanda upya sehemu zilizokufa kabisa peke yake, ingawa ingekuwa rahisi kwao kung'oa uwanja mzima na kutuuzia magunia mengi zaidi. (Nyasi hiyo hiyo tunayoihangaikia hapa imo katika orodha ya magugu hatari nchini Marekani, kwa jinsi inavyosambaa.)

Mvua ilipokolea, walisubiri udongo uwe na unyevu bila kuwa tope, wakaulegeza kwa jembe uma, wakachanganya samadi, wakapanda vipandikizi vyenye vifundo kwa nafasi ya takriban sentimita 15, ncha ya majani ikibaki nje, na kukanyaga taratibu ili mizizi ishikane na udongo. Mbolea ya CAN, ile ya chumvichumvi yenye nitrojeni, walisema isitiwe mpaka vipandikizi vishike, na mashine ya kukatia isipite mpaka nyasi zifunge, yaani zifunike udongo wote. Hata hapo, isiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Sharti hilo la mwisho ningependa kila mtunza bustani alizingatie, maana kunyoa nyasi hadi shinani wakati wa ukame huacha udongo bila kivuli na hudhoofisha mizizi.

Dosari ipo, na si ndogo. Samadi waliyoleta haikuwa imeoza vya kutosha, na baada ya muda mfupi ndago, gugu linalofanana na nyasi, ilichomoza katikati ya mabaka mapya. Ndago haiishi kwa kung'olewa majani. Sharti vile vitunguu vyake vidogo vichimbwe kimoja kimoja, kazi ambayo kitalu hakikurudi kuifanya ingawa tuliomba. Anayewaajiri aikague samadi kabla haijateremshwa garini: iliyo tayari hufikichika mkononi na hainuki.

Kufikia mwisho wa masika, mabaka ya penye jua yalikuwa yamefunga, na yale ya langoni yalifuata baada ya sisi kuweka vibao vya mawe kwa ajili ya magurudumu. Chini ya mwembe, Kikuyu haikufaulu, kwa kuwa haipendi kivuli. Hapo fundi alikuwa ametushauri tangu awali tupande nyasi ya Pemba, yenye majani mapana, na tutaiagiza kwake vuli ikianza, samadi tukijitafutia wenyewe.