Tufaha lipi la kununua Nairobi? Onja kabla ya kusifu rangi

Desemba moja nilibeba katoni nzima ya matufaha mekundu hadi nyumbani Murang'a, yaking'aa kama yaliyopakwa mafuta. Watoto waliuma mara moja, wakayaweka kando. Ndani yalikuwa unga mtupu. Tangu siku hiyo sinunui tufaha kabla sijaonja ndugu yake.

Mengi tunayouziwa hutoka Afrika Kusini, ambako huvunwa kati ya Februari na Mei. Ya Desemba, basi, yamekaa miezi mingi kwenye baridi.

Ukiwa soko la Marikiti au la City Park, sema tu, "Mama, nikatie moja nionje, likiwa tamu nachukua dazeni." Sikiliza kisu. Kikiingia kwa mlio na maji yakachuruzika kwenye makali yake, hilo bado halijalegea. Kikizama kimya kama kwenye ndizi, shukuru uende zako. Nusa upande ulio mkabala na kikonyo, kisha tafuna polepole. Utamu usiokuwa na uchachu huchosha kabla hujamaliza nusu. Ukionja aina kadhaa, maliza na kali zaidi, na unywe maji katikati.

Kwangu la kwanza ni Pink Lady, bila kusita. John Cripps alilizalisha Australia Magharibi mwaka 1973 kwa kuchanganya Golden Delicious na Lady Williams. Linakatika kwa kishindo, ukali unatangulia, utamu unakuja nyuma yake na kubaki kinywani. Bei yake huwa juu, lakini moja lashinda mawili ya aina nyingine.

La pili ni la Wambugu, la mkulima wetu Peter Wambugu wa Laikipia. Halikuvuka bahari, na ukilipata lililochumwa juzi, harufu yake peke yake inatosha kukushawishi.

Royal Gala ni la tatu: ganda laini, tamu, la watoto. Hulegea haraka, kwa hivyo nunua machache. Granny Smith, la kijani, ni kwa wanaopenda embe bichi kwa pilipili na chumvi. Mimi hulikatakata kwenye kachumbari. La mwisho ni Red Delicious. Kwa miaka mingi wakulima walichagua miti yenye matunda mekundu zaidi, ladha ikaachwa nyuma, na ganda lake ni gumu, lina uchungu kidogo.

Muuzaji akikuambia "yote ni sawa tu", soma kibandiko: 4130 ni Pink Lady, 4174 Royal Gala, 4017 Granny Smith, 4016 Red Delicious.

Nyumbani yaweke kwenye friji, mbali na sukuma wiki, kwani tufaha hutoa gesi inayogeuza majani kuwa manjano. Yatoe nusu saa kabla ya kula. Baridi huficha ladha.