Gunston Hall, Virginia: kama unapenda stori za mirathi, nenda

Mnaoishi huku Maryland na Virginia kila mkipata wageni mnawapeleka Mount Vernon kwa George Washington, sawa, pazuri, ila mwendo mfupi tu wa gari kutoka pale kuna Gunston Hall, nyumba ya George Mason, na mimi hii ndo imenikosha zaidi. Mason ndo aliyeandika Tamko la Haki la Virginia 1776, halafu 1787 akagoma kusaini katiba ya Marekani, sababu mojawapo haikuwa na orodha ya haki za raia. Ila mimi siasa zake sikuzifuata, nilifuata habari za ukoo na mali.

Kabla ya hapo nilijiunga na tovuti moja ya nasaba ya kulipia, jina silitaji, hela ikakatwa na nilichoambulia ni vurugu tupu. Hawa watu wamerithishana jina, George anamzaa George anamzaa George, na huyu maarufu ni wa nne, sasa kule mtandaoni wamechanganywa mpaka unakuta mtu kafa halafu ndo anaoa. Pale kwenye nyumba muongozaji alinipangia taratibu nikaelewa: wa kwanza alikuja Virginia miaka ya 1650 baada ya jeshi la mfalme Charles wa Pili kupigwa vitani Worcester, Uingereza, mwaka 1651, na wa tatu, baba yake huyu wetu, alizama mto Potomac mwaka 1735 boti ilipopinduka. Na hakuacha wosia.

Hapo ndo stori inakolea. Sheria ya Virginia enzi hizo, mtu akifa bila wosia ardhi inakwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Yote! George ana miaka 9 tu, mdogo wake Thomson na dada yao Mary hawapati hata kipande, sie tuliozoea kila mtoto ana fungu lake unabaki mdomo wazi. Sasa mama yao, Ann Thomson Mason, hakuolewa tena, akasimamia mashamba, akabana matumizi mpaka akanunua maelfu ya ekari za pori huko Loudoun kwa ajili ya hao wadogo. Jamani huyo mama! Nyumba ingeitwa jina lake nisingelalamika. George alipofikisha 21 akashika za kwake, ekari kama 20,000 Virginia na Maryland.

Nyumba yenyewe ni ya matofali, sio kubwa kivile. Ukiingia ukumbini inua macho, kuna matao mawili yanakutana juu na pale yanapokutana limening'inia pambo la mbao limechongwa kama koni ya msonobari, chini yake hakuna nguzo. Nakshi za ndani zilisimamiwa na William Buckland, kijana seremala aliyeletwa toka Uingereza kwa mkataba wa kutumikia miaka.

Kilichoniuma ni wosia wa Mason mwenyewe. Aliuandika Machi 1773, siku chache tu baada ya mkewe kufariki, na safari hii wanawe wote wa kiume wakapata ardhi, yaliyowapata wadogo zake hakutaka yajirudie. Ila humohumo watu nao wanagawiwa, Bess na mwanae Frank wanapewa binti mkubwa Ann, hivyo hivyo kwa jina. Na huyu ndo yule aliyesimama 1787 akasema kila bwana wa watumwa anazaliwa dikteta mdogo, na kwenye wosia wake hakumwacha huru hata mmoja. Muongozaji hakulikwepa hili, alilisema wazi, na kwangu hilo peke yake linatosha hela ya tiketi.

Mkienda vaeni viatu vya kutembelea maana eneo ni kubwa na bustani inaangalia upande wa mtoni, na habari za yule mama ulizeni mapema, msisubiri kuambiwa.