Trans Europa Express ya Kraftwerk, kwa sikio la mpiga drams

Sindano ilikwama upande wa pili, katikati ya wimbo wa pili, nami nikaendelea kuosha vyombo karibu dakika nzima nikidhani ndivyo wimbo ulivyo. Huo ndio muziki ninaouzungumzia leo: santuri ya Kraftwerk, kundi la muziki wa elektroniki la hapa Ujerumani. Asiyependa kurudiarudia aishie hapa, hatanilaumu.

Kilichonishtua ni mguu. Mguu wangu wa kulia umekanyaga pedali ya drams kwa miaka kumi na moja, na hata nikiwa na povu mikononi huwa unajigongea wenyewe sakafuni. Ghafla ukajikwaa. Kila baada ya mapigo machache palikuwa na upungufu mdogo, kama mtu anayechechemea. Nikajisemea: hawa jamaa hawachechemei. Nikaenda kutazama, nikakuta sindano inazunguka palepale, juu ya mkwaruzo mwembamba kama unywele. Santuri nilikuwa nimeinunua kwa euro 24 kwenye soko la vitu vilivyotumika hapa Düsseldorf, na muuzaji aliniapia kwamba haina hata alama. Nilimwamini kwa sababu santuri zake zilipangwa kwa alfabeti. Mtu anayepanga kwa alfabeti, unamshuku vipi?

Kabla sijaisifu santuri yenyewe, nikiri kwamba mimi ni shahidi mwenye kinyongo. Nilipiga drams kwenye bendi ya watu sita mpaka siku mwenye ukumbi alipogundua kwamba mtu mmoja na kinanda chenye midundo ndani yake anaweza kufanya kazi yetu kwa nusu ya malipo. Tangu siku hiyo mashine ya midundo ilikuwa adui yangu, na nilikuwa na hotuba yangu tayari kuhusu muziki usio na roho. Sasa nafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kufungasha, nasimamia mkanda wa kupitisha chupa, na mashine ndizo zinazoniwekea mdundo saa nane mfululizo. Mwenzangu wa zamu, mzee wa hapahapa aliyebakiza miaka miwili kustaafu, aliisikiliza hotuba yangu mara tatu. Mara ya nne akaniuliza, "Wewe unasema ni mpiga drams. Unajua nani anapiga drams kwenye Trans Europa Express?" Nikamwambia, hakuna mtu, ni mashine. Akacheka mpaka akakohoa.

Nikatafuta. Ilitoka mwaka 1977, ikarekodiwa katika studio yao wenyewe, Kling Klang, hapa hapa mjini. Wakati huo walikuwa wanne: Ralf Hütter na Florian Schneider, walioanzisha kundi mwaka 1970, pamoja na Karl Bartos na Wolfgang Flür. Hao wawili wa mwisho ndio wapigaji. Na walikuwa wanapiga kweli, kwa mikono. Miaka ya mwanzo ya sabini Kraftwerk walichukua kisanduku cha midundo, kile cha kuwekwa kando ya kinanda ili mtu aimbe peke yake, wakakifungua, wakaziunganisha nyaya zake na vibao bapa vya chuma. Mpigaji anashika vifimbo vyembamba vya chuma vilivyounganishwa na waya. Akigusa kibao, umeme unapita, mlio unatoka. Hakuna ngozi, hakuna mtikisiko wa kukurudishia fimbo mkononi. Ukigonga kwa hasira au kwa upole, mlio ni uleule. Kwa mpiga drams hayo ni mateso, maana umenyang'anywa nguvu na ulaini, umeachiwa kitu kimoja tu: wakati. Unagusa lini. Basi.

Naye Bartos hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alisomea ala za kugonga katika chuo cha muziki cha Robert Schumann, Düsseldorf. Nilipojua hilo nikairudia santuri nzima kwa hedfoni, taa zimezimwa, na nikasikia nilichokuwa nimekikosa. Besi inaendeshwa na sikwensa, kifaa kinachorudia noti zilezile bila kuchoka, na juu yake kuna watu wawili wanaojizuia. Nimepiga na watu wenye mikono myepesi kuliko hao, lakini sijui hata mmoja ambaye angeweza kukaa dakika sita bila kutia mbwembwe moja. Mimi nisingeweza. Kufika dakika ya pili ningekuwa nimeshagonga sahani za shaba.

Upande wa kwanza una nyimbo tatu. "Europa Endlos", Ulaya isiyo na mwisho, ina zaidi ya dakika tisa, na ni nyepesi, inang'aa, kama asubuhi ambayo hujachelewa popote. Sauti za kwaya unazozisikia nyuma hazina waimbaji. Zinatoka kwenye Orchestron, kinanda kinachosoma sauti zilizohifadhiwa kwenye sahani za plastiki kwa kutumia mwanga. Zina ukungu fulani, mkwaruzo wa chini kwa chini, na huo ndio unaozifanya zipendeze. "Spiegelsaal", ukumbi wa vioo, ni hadithi ya kijana anayejitazama mpaka anapotea. Wengi wanaisifu. Mimi naona ingetosha nusu yake.

Wimbo wa tatu nauweka juu sana, na hapa ndipo nawasihi mtafute toleo la Kijerumani badala ya lile la Kiingereza. Unaitwa "Schaufensterpuppen", yaani zile sanamu zinazovalishwa nguo kwenye madirisha ya maduka. Litamke polepole: Schau-fens-ter-pup-pen. Silabi tano, na mbili za mwisho ni kama kugonga ukingo wa drams ndogo kwa fimbo. Wimbo mzima unaegemea neno hilo. Ukilitafsiri, maana inabaki, lakini umeondoa ala moja kwenye bendi. Tena Kijerumani chao ni cha sentensi fupi, kila neno linasikika mpaka mwisho. Nilipokuwa nahangaika na darasa la lugha, mwalimu alikuwa anatupa vifungu vya magazeti ambavyo kitenzi chake unakikuta ukurasa unaofuata. Kraftwerk wanaimba "tunasimama hapa", "tunajionyesha", na wewe umeelewa. Nusu ya vitenzi vyangu vya kwanza vimetoka humo.

Upande wa pili ndio mwenye nyumba. Wimbo wenye jina la santuri unaanza na mdundo wa magurudumu, halafu noti zinapandishwa moja juu ya nyingine kama mtu anapanda ngazi akiwa na mzigo kichwani, na pale juu zinasimama, hazitui. Ukiwa na spika nzuri, kifua kinakaza kidogo. Inasemekana walikwenda kusikiliza treni zikipita kwenye madaraja ya reli, wakakuta mlio wenyewe hauchezeki, wakaurekebisha kidogo ili uchezeke. Nilicheka niliposoma hayo, kwa sababu mkanda wangu wa chupa nao una mdundo wa ajabu, saba badala ya nane, na kila usiku kichwa changu kinauongezea pigo moja ili mguu upate amani.

Maneno ni machache: kukutana Paris, kukaa kwenye mkahawa wa usiku Vienna, kisha treni inaingia Düsseldorf na wanakutana na waimbaji wa roki Iggy Pop na David Bowie. Bowie naye alijibu salamu mwaka huohuo wa 1977, akaupa wimbo mmoja jina la Schneider. Kitu ambacho watu husahau ni kwamba treni hiyo ilikuwepo kweli. Trans Europ Express zilianza 1957, zikiunganisha miji mikubwa ya Ulaya Magharibi, na zilikuwa na daraja la kwanza peke yake. Mtu wa zamu ya usiku asingepanda. Kwa hiyo kila ninaposikia watu wakisema huu ni wimbo wa Ulaya isiyo na mipaka, huwa najiuliza ni Ulaya ya nani. Halafu kwaya ya plastiki inaingia na hoja yangu inaisha. Mimi napanda treni ya mkoa, inachelewa, na humo ndani wimbo huu unakaa vizuri kuliko popote.

Bila kituo wala pumzi, tunaingia "Metall auf Metall", chuma juu ya chuma. Hakuna maneno, hakuna tuni ya kupiga mluzi. Ni kishindo cha karakana kilichopangwa na mtu mwenye subira. Na hapa ndipo ulipo mkwaruzo wangu.

Santuri ya kawaida huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. Sindano ikikwama, unasikia sekunde 1.8 zilezile mpaka uje uiokoe. Sasa sikia. Mwaka 1997 mtayarishaji wa hapa Ujerumani, Moses Pelham, alichukua takriban sekunde mbili kutoka wimbo huuhuu, akazirudiarudisha chini ya wimbo wa rapa Sabrina Setlur. Hütter na Schneider wakaenda mahakamani. Kesi ikapanda na kushuka kama lifti mbovu. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikasema uhuru wa sanaa nao upewe uzito wake. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hata kipande kifupi kinahitaji ruhusa, isipokuwa kiwe kimegeuzwa mpaka sikio lisikitambue. Majaji wa vyeo vikubwa kabisa barani wamekaa wakapima sekunde mbili za mdundo. Jikoni kwangu mkwaruzo unafanya kazi ileile bure, bila wakili, na kwa kuwa hauangukii sawasawa kwenye pigo, unaifanya vibaya. Pelham alikata vizuri zaidi, lazima tumpe haki yake.

Kinachonigusa ni kwamba huko nyuma wengine walikuwa wameshachukua, na wakaujenga ulimwengu mzima. Mwaka 1982, New York, DJ Afrika Bambaataa na mtayarishaji Arthur Baker walitoa "Planet Rock": tuni ya Trans Europa Express ikapigwa upya, mdundo ukafuata ule wa "Nummern" wa Kraftwerk wa mwaka 1981, kwa mashine ya midundo ya Roland TR-808. Detroit, mtangazaji anayejulikana kama Electrifying Mojo alikuwa anawapiga Kraftwerk redioni usiku, na vijana kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson wakatoka na kitu kilichokuja kuitwa tekno. Vijana weusi wa mji wa viwanda vya magari, wakimsikiliza Mjerumani aliyevaa tai akihesabu namba. Watu hupenda kushangaa walionaje roho mle ndani. Mimi sishangai tena. Wamekulia jirani na mikanda ya viwanda. Walisikia kile ambacho watu wao walikuwa wanakisikia kazini, ila safari hii mtu ameupanga mlio ukapendeza. Nami nasimama kwenye mkanda, najua.

Baada ya kishindo hicho "Franz Schubert" inakuja kama kiti cha kukalia. Inarudisha ule mng'ao wa wimbo wa kwanza, mwembamba zaidi, bila drams, na namsamehe kila mtu kwa dakika nne. Kisha sauti ya mashine inarudia neno moja, "endlos", mpaka sindano inafika ukingoni.

Kasoro zipo. Nimeshataja "Spiegelsaal". Sauti ya Hütter si ya mwimbaji, na kuna mahali inalegea kama mtu anayesoma ratiba ya treni, ingawa pengine ndivyo alivyotaka. Na nyimbo hizi hazifai kwenye spika ndogo ya simu: besi inapotea, unabaki na kelele za jikoni. Mwenzangu wa zamu ana toleo lililosafishwa la 2009, tumelilinganisha kwake Jumapili moja. Besi yake imekaza, milio ya juu inang'aa, hakuna vumbi. Yangu ya zamani ina joto zaidi na inapasuka-pasuka kama mafuta kwenye kikaango. Kama ndiyo unaanza, chukua hilo la 2009, la Kijerumani, usianze kuhangaika na masoko.

Siku moja baada ya zamu nilipita Mintropstraße 16, ilipokuwa Kling Klang, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni kuu. Ni jengo la kawaida kwenye mtaa wa kawaida, na mwanamke mmoja alikuwa anashusha maboksi kutoka kwenye gari. Schneider alifariki Aprili 2020, Hütter bado anapanda jukwaani. Nilisimama kidogo, mguu ukagonga, nikaenda zangu kulala.

Muuzaji nilimrudia. Akaitazama santuri kwenye mwanga, akakubali kosa, akaniambia nichague: euro 24 zangu au nyingine ya bei ileile. Nilichukua "Computerwelt" ya haohao Kraftwerk, na hii ya mkwaruzo akaniuzia tena kwa euro 3. Ukienda kununua iliyotumika, omba taa, igeuze upande wa pili, kagua theluthi ya kwanza mpaka katikati. Hapo ndipo watu huwa wameirudia sana.