Makumbusho ya Reli Nairobi: anzia uani

Wageni wengi wa Makumbusho ya Reli pale Nairobi huingia ukumbini kwanza, wakatazama picha na vifaa vya zamani, kisha hutoka nje kupiga picha mbili tatu mbele ya injini na kwenda zao. Haki yao. Lakini kama na wewe ni mtu wa chuma na moshi, ukishalipa nyoosha moja kwa moja hadi uani, asubuhi, kabla jua halijakolea. Injini zile zimesimama nje, na ikifika saa saba mchana chuma chake hakishikiki.

Kilichonipeleka mimi ni namba 5918, Mount Gelai. Ni Garratt, aina ya injini ya mvuke yenye mitambo miwili na boila moja, ya daraja la 59, moja kati ya 34 zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956. Katika reli za upana wa mita moja, haijatokea injini ya mvuke yenye nguvu kuizidi. Ina uzito wa tani 252 hivi. Hayo nilikuwa nayajua zamani, ila kusoma tani 252 ni jambo moja na kusimama chini yake ni jingine kabisa.

Kazi yangu ni kukereza vyuma, kwa hiyo niliinama kutazama chini kabla ya kutazama juu. Nakushauri ufanye vivyo hivyo. Simama usawa wa katikati ya injini, utaona boila haikukalia magurudumu. Imebebwa na fremu yake yenyewe kati ya mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja na silinda zake na magurudumu yake manane ya kuvuta, na fremu imeegemea pini nene huku na huku. Ikiingia kwenye kona, mtambo wa mbele unageuka kivyake na wa nyuma kivyake. Na kwa kuwa chini ya boila hamna magurudumu, tanuri lilipata nafasi ya kutanuka, huku mzigo ukigawanywa kwenye ekseli nyingi ili reli isilemewe. Ndivyo walivyoweza kuvuta mizigo mizito kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, kwenye njia nyembamba yenye kona tele. Mtu aliyechora kitu hiki alikuwa na akili ya ajabu. Natamani siku moja injini kama hii ikatwe ubavu, vijana wetu wa vyuo vya ufundi waone mabomba ya ndani.

Panda kibandani kwa dereva. Mbele yako ni ukuta mzima wa vali na mabomba. Usitafute koleo la makaa: daraja hili lilichoma mafuta mazito.

Sasa jambo ambalo sikutarajia lingenigusa. Mimi ni Mpare wa Same, na hatua chache kutoka Mount Gelai imesimama 5930, jina lake Mount Shengena. Shengena ni mlima wa kwetu! Gelai nao uko Tanzania. Kuna 3020, Nyaturu, jina la watu wa Singida, na 3123, Bavuma, watu wa visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Shirika lilikuwa moja, East African Railways, likaita injini zake kwa milima na makabila ya nchi zote tatu. Makumbusho yalifunguliwa 1971, na mwaka 1977 shirika likavunjika. Kwa hiyo Mtanzania au Mganda asidhani anakwenda kutazama mali ya jirani.

Behewa namba 12 ndilo linalovuta watu wasiojali injini. Juni 1900, pale stesheni ya Kima, mrakibu wa polisi Charles Ryall alikaa humo usiku na wenzake wawili wakimvizia simba mla watu. Ryall alikuwa wa zamu, usingizi ukamzidi. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma kando, behewa likainama, mlango ukajifunga nyuma yake. Akatoka na Ryall dirishani. Litazame vizuri hilo dirisha, upime mwenyewe upana wake. Na tafadhali, tusichanganye na simba wa Tsavo: wale ni wa 1898, na mabaki yao yako Chicago.

Ukumbi nao usiupuuze, ila dakika chache zinatosha kama huna haja ya kusoma kila karatasi. Uani ndiko pa kutenga nusu siku.

Ukitoka Mombasa kwa SGR, ile reli mpya yenye njia pana zaidi, achana na teksi. Panda treni ya kuunganisha hadi stesheni ya kati. Ni reli ya mita moja, upana uleule wa hao wazee uliowafuata, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu. Vaa viatu vya kufunga, maana ngazi za vibanda vya madereva hazikutengenezewa kandambili.